Ramani Iliyonifikisha Mlali kwa Mama Mkwe

Nilikwenda Mlali kwa sababu mama mkwe wangu hakuja harusini. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, mwalimu wa jiografia Dodoma mjini. Mume wangu, Yona, kwao ni Mlali, wilaya ya Kongwa. Mama yake alisema mwanawe anaoa mtu asiyejulikana alikotoka, akabaki nyumbani. Mwaka mzima ukapita. Shule zilipofunga nikamwambia Yona, "Nakwenda mwenyewe."

"Njia unaijua?"

Nikamkunjulia ramani ya mkoa. Nilikusudia pia kuandika juu yake, kila nitakapopita, watu wametoka wapi na wanakula nini. Wanafunzi wangu walikariri majina ya mikoa bila kujua watu wake.

Asubuhi tuliondoka stendi ya Dodoma kwa basi la Morogoro. Nje kulikuwa na ardhi nyekundu, vichaka vya miiba na mabua ya uwele uliokwisha kuvunwa. Nikaandika: Wagogo, ugali wa uwele, mlenda.

Kibaigwa tulifika mchana. Biashara ya mahindi ilikuwa imeachiwa watu binafsi, na kila mwenye mtaji alikimbilia pale. Malori yalijipanga hadi barabarani na madalali walivutana mikono na wakulima. Niliingia kwenye kibanda cha mama ntilie, nikaweka ramani mezani. Mama yule akaacha kupakua.

"Dada, unapima viwanja? Mnatuhamisha?"

"Hapana, mama. Mimi mwalimu. Naandika vyakula vya watu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Basi niandike! Mpare wa Same, makande. Mume wangu alifuata mahindi, nami nikamfuata mume. Yule jirani Mrangi wa Kondoa, na mwenye duka ni Mkinga."

Nilikula makande yake, nikarudia sahani. Aliposikia ninakokwenda alinitafutia lori lililokuwa likifuata mzigo Mlali, akamwamuru dereva anikalishe mbele.

Jioni nilishuka Mlali na kuulizia kwa Mama Yona. Alikuwa uani akipepeta. Nikapiga goti, nikamsalimu kwa Kigogo. "Mbukwenyi, mama."

"Salamu hiyo umefundishwa na nani?"

"Na mwanao."

Akanisogezea kigoda, akaendelea kupepeta. Nikampa zawadi niliyobeba, senene wa kukaanga kutoka kwetu. Akafungua, akatazama.

"Panzi?"

"Kwetu anapewa mtu wa heshima, mama."

Hakula. Lakini sikuwa nimesafiri kutwa nzima nikate tamaa hapo. Nikatandika ramani juu ya mkeka, nikamwonyesha Mlali. Aliinama taratibu.

"Na kwenu?"

"Karatasi haifiki, mama." Nikanyanyuka, nikapita ua, nikasimama kwenye mlango wa zizi. "Kwetu ni hapa."

Alipima kwa macho kutoka mkekani hadi miguuni pangu. "Umetoka mbali hivyo kwa ajili ya Yona?"

"Ndiyo, mama. Na leo kwa ajili yako."

Akaweka ungo chini. Akaniita, akanyoosha kidole kwenye milima upande wa mashariki. "Mimi Mkaguru. Nililetwa hapa kuolewa nikiwa msichana. Hata salamu hiyo nilijifunzia hapa. Mlenda wangu wa kwanza mama mkwe wangu aliumwagia kuku." Akachukua senene mmoja, akatafuna akiwa amefumba macho. Akachukua wa pili. "Haya, ingia jikoni. Mlenda wako tutaumwaga pamoja."

Hatukuumwaga, ingawa ulikuwa mzito kupita kiasi. Nilikaa siku chache, nikasonga ugali wa uwele hadi viganja vikaota malengelenge. Majirani walipouliza, alijibu, "Mkwe wangu, Mhaya," kana kwamba walichelewa kujua.

Nilirudi Dodoma na ramani iliyojaa maandishi. Nilikuwa nimejifunza kwamba katika nchi hii ukimuuliza mwenyeji vizuri, mara nyingi utamkuta naye alikuja, au mama yake alikuja, na alianza kwa kupika vibaya.

Yona alinipokea stendi. Hakungoja hata nimpe mzigo. "Mama kasemaje?"

"Anakuja kabla ya mvua," nikamwambia. "Na amesema asipikiwe ugali. Anataka ndizi za kwetu."