Uchuro

Tulipokuwa Gitega sikulijua neno uchuro. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha Uvira, na jambo la kutia hofu tuliliita baya, basi. Nililisikia Muyinga, wakati wa vita, baba alipotutanguliza mama na mimi kwa kuwa milio ya risasi ilikuwa imeanza kusogea karibu na mtaa wetu. Yeye alibaki Gitega kuuza vitenge vilivyosalia.

Jirani yetu wa Muyinga alikuwa amekulia ukimbizini Tanzania. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, na mara kwa mara alikwenda Gitega kununua vipuri, akimpelekea baba salamu zetu. Alikuwa mwanamke mwema, ila neno lile halikumbanduka mdomoni. Nikishika tama mlangoni: "Wee mtoto, acha uchuro!" Nikiuliza itakuwaje baba asipokuja, nakemewa vilevile. Polepole nikaelewa kwamba uchuro si lile baya lenyewe. Ni kitendo au kauli inayoliita lije. Kwa hiyo vita, ambavyo kila mtu aliviwaza, havikutajwa. Watu waliulizana bei ya maharagwe huku macho yao yako vilimani.

Siku moja ya soko, wanawake wa vilimani hawakushuka na ndizi zao. Mama alirudi na kikapu kitupu, akatandika kitenge sakafuni, akaanza kufunga unga wa muhogo, chumvi, sweta langu. Jirani akasimama mlangoni.

"Dada, fungua hilo furushi. Huo ni uchuro. Unawaita."

"Mi siite mutu," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Na we funga vitu yako."

"Mume wangu yuko njiani anarudi. Nikiondoka atanikuta wapi?"

Mama akakaza fundo la kitenge.

Basi dogo la kutoka Gitega lilizoea kufika adhuhuri. Siku ile halikufika. Jirani alipika, akafunika chakula, akaketi. "Labda tairi," alisema, ingawa hatukuwa tumemuuliza.

Alasiri bunduki zikalia upande wa barabara ya Gitega. Tulikimbia na umati kuelekea Kobero, jirani nyuma yetu, pekupeku, mikono mitupu. Kesho yake, kando ya malori yaliyokwama mpakani, mama alisonga ugali, akamkatia jirani kwanza. Nilitaka kumuuliza kuhusu mumewe. Mama akanifinya paja.

Tulivuka, tukapata chumba Kabanga, upande wa Tanzania, sote watatu. Baba alitufikia baada ya wiki nyingi, amekonda, kwa njia ya kuzunguka. Mama alikuwa bado analia kwa furaha jirani alipomwuliza baba, hata kabla ya salamu:

"Shemeji, mume wangu ulimwacha Gitega?"

Baba alimtazama mama, kisha akatazama chini.

"Hapana, shemeji. Alipanda basi asubuhi ile ile mliyokimbia. Mimi mwenyewe nilimsindikiza."

Jirani aliitikia kwa kichwa. Akavuta ungo, akaendelea kupepeta mchele.