Kapu la Bibi Ng'washi

Mwaka jana niliwakimbia wageni sita niliokuwa nawaongoza mimi mwenyewe. Mchana kweupe. Mguu mmoja peku. Nikapanda jiwe ambalo mpaka leo sijui nililipandaje.

Usicheke kwanza. Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Teodora. Nina diploma ya utalii na mdomo ambao mama yangu anasema ulizaliwa siku mbili kabla yangu. Kwenye midahalo chuoni sikuwahi kushindwa. Hata nilipokuwa sina hoja, nilishinda.

Ila maneno hayakunipa kazi. Miaka miwili nilikuwa nafungasha minofu ya sangara kiwandani Nyakato, vidole baridi kama vya maiti.

Ndipo nikampata dada Zahabia. Ana kikampuni cha kutembeza wageni. Akanipa siku moja ya majaribio: Njia ya Kijito.

Kama hujafika Ilemela upande ule, ni ukanda wa miti uliobaki katikati ya nyumba za mawe na milima, kijito kinapita, na njia inakifuata mpaka ziwani. Tambarare. Dakika arobaini. Wajawazito wanapita. Ukiona maji kushoto kwako, uko salama.

"Teo, ukifanya vizuri, Jumatatu unaanza kazi," dada Zahabia aliniambia kwa simu asubuhi ile. "Ila sikiliza. Atakuja bibi mmoja na kapu, anaitwa Ng'washi. Yeye ni wa..."

"Nimekuelewa, dada! Nitamtunza!"

Nikakata. Mtu wa kazi haelezwi mara mbili.

Tatizo, hata mara moja sikuwa nimeelezwa.

Bibi nilimkuta kweli, amekaa pembeni ya wageni. Kapu la mfuniko lilikuwa miguuni pake, limefungwa kwa kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikalinyanyua kapu. Zito! Nikajua tu ni matobolwa, anawapelekea ndugu zake viazi vikavu. Sasa niambie, binti aliyelelewa na Wasukuma anatembeaje mikono mitupu huku bibi kabeba mzigo?

"Acha, mjukuu wangu, humu kuna..."

"Bibi, kwetu hiyo ni aibu! Mzigo wangu, baraka zako."

Wageni wakapiga makofi. Nikajitwika kichwani, nikanyoosha shingo kama twiga.

Tukaondoka. Nikamwaga maneno. Nikaeleza miti, nikaeleza ndege, nikaeleza na jiwe moja ambalo silijui kabisa. Mara kwa mara kapu lilikuwa linaegemea upande lenyewe. Nikasema viazi vinajipanga.

Mgeni mmoja kutoka Dodoma, Bwana Revocatus, akauliza, "Dada, huku nyoka vipi?"

Hapo ndipo nilipojimaliza.

"Kaka, nyoka anataka heshima tu. Ukimwona, simama. Usipige kelele. Mtazame, atapita. Mimi nimezaliwa kwenye mawe haya, nyoka hata apite begani kwangu, sishtuki."

"Mjukuu wangu," bibi akasema nyuma yangu, "basi nishushie kapu, kanga imele..."

"Bibi, tulia, tunakaribia!"

Kitu cha baridi kikanigusa sikio. Nikajua ni pindo la kanga. Nikalisukuma.

Pindo likanisukuma.

Nikageuza macho taratibu. Kichwa cha chatu, ulimi nje, kinanitazama kama msimamizi wa mtihani.

Sikusimama. Sikumtazama. Heshima yake sikumpa.

"Mayu waneee! Mama yangu weee!"

Kapu likaruka majanini, kiatu kikabaki kwenye tope la kijito, na mimi nikajikuta juu ya jiwe.

Nilipotazama chini, wageni wote sita walikuwa wamesimama wima, kimya, wanamwangalia chatu. Hata mmoja hakukimbia.

Walikuwa wanafuata maelekezo yangu.

Bibi Ng'washi akainama, akamwokota chatu wake, akamvisha shingoni kama mtandio. "Pole, baba. Wamekuangusha."

Kumbe ni mcheza ngoma ya nyoka. Alikodiwa na dada Zahabia acheze mwisho wa njia, kule ziwani.

"Bibi, mbona hukuniambia?" nikalia kutoka juu.

"Nikuambie saa ngapi? Wewe unajibu kabla hujaulizwa."

"Na begani hajakupitia," Revocatus akadakia. "Ni sikioni tu."

Kushuka kukanishinda. Bibi akamkabidhi Revocatus yule chatu, akapanda, akanishusha kwa mkono kama mtoto wa chekechea.

Ziwani dada Zahabia alikuwa anasubiri. Akatazama mguu wangu wenye tope. Akatazama wageni wanavyofuta machozi ya kicheko. Nikaanza kunusa minofu ya sangara.

Nikafungua mdomo nijitetee.

"Zahabia," bibi akaanza, "huyu binti..."

Kwa mara ya kwanza maishani, nikanyamaza. Nikasubiri sentensi ya mtu mwingine ifike mwisho wake.

"...huyu binti kanibebea mzigo bila kuombwa. Waongozaji wote uliowaleta kabla yake walikuwa wananiuliza nauza nini. Mpe kazi. Ila mdomo wake ufunge kwa kanga yangu."

Jumatatu nikaanza kazi.

Kapu la bibi bado nalibeba mimi, kila Jumamosi. Siku hizi nakagua fundo kwanza.

Na wewe mwenye maneno mengi kama mimi, chukua hili la bure: mtu akisema "humu kuna...", mwache amalize.