Waya wa Mguuni mwa Bibi

Mama mdogo alinipigia simu nikiwa nimeinamia meza ya kazi, kibandani kwangu Gongoni. Mimi ni sonara, natengeneza pete, hereni na bangili.

"Njoo Isikizya leo," alisema. "Mguu wa bibi yako umevimba, na hataki nesi aguse ule waya."

Nilikuwa naujua waya ule tangu utotoni. Ulikuwa wa shaba nyekundu, umezungushwa juu ya kifundo cha mguu, mzunguko juu ya mzunguko. Bibi alivalishwa na mama yake akiwa msichana. Mama yake naye aliurithi kwa wazee wake, watu waliobeba mizigo ya misafara kwenye njia ya Ujiji, enzi ambazo waya ulikuwa malipo ya kazi. Haukuwa na kifungo; ukishavalishwa, huuvui tena. Bibi alilima nao, akazaa nao, akaenda nao kanisani kila Jumapili.

Nilitia koleo na kipande cha ngozi kwenye mkoba, nikapanda pikipiki. Njiani nilimhimiza dereva aongeze mwendo, halafu nikamwomba apunguze. Sikujua nataka kufika au sitaki.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya kigoda. Nyama ilikuwa imeumeza waya nusu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kunikata mguu?"

"Nimekuja kukata waya."

"Kwangu ni kitu kimoja," alisema. Lakini aliunyoosha mguu.

Nilipenyeza ngozi chini ya waya ili koleo lisimguse, nikakata mzunguko mmoja baada ya mwingine. Bibi hakulia. Alikuwa anamwambia mama mdogo jambo kwa Kinyamwezi, harakaharaka, kuhusu kuku. Waya ulipoisha kutoka, ulibaki mfereji mweupe kwenye ngozi yake. Akaupapasa, akaniuliza, "Na sasa nitavaa nini?"

"Nitautengeneza upya," nilisema bila kufikiri.

Niliporudi kibandani nilivipasha moto vile vipande mpaka vikawa vyekundu, nikavizima majini vilainike. Kisha nikavipitisha kwenye rola, ile mashine yangu ya kurefusha waya: silinda mbili za chuma zenye mifereji, na mkono wa kuzungusha. Kwa waya mpya ni kazi ya raha. Unabana kidogo, unazungusha, waya unatoka mwembamba na mrefu zaidi. Huu wa bibi ulipasuka. Niliupasha tena, nikabana kidogo sana, ukakatika tena. Ulikuwa umechoka ndani kwa ndani. Kilichobaki ni kuuyeyusha, na nikiuyeyusha, niliwaza, ule uliofungwa na mikono ya mama yake utakuwa umekwisha.

Nikawa mtu wa kuinuka na kukaa. Nafungua kazi ya mteja, naiacha. Naenda mlangoni, natazama barabara, narudi. Mama mdogo akapiga simu, akaniongezea wasiwasi: uvimbe umepungua, lakini bibi hatulii. Anaamka alfajiri, anatembea mpaka barabara kuu, anarudi, anatoka tena. Anasema mguu umekosa uzito, unampeleka wenyewe.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia, naye akashuka kwenye bajaji mbele ya kibanda changu, peke yake, na kanga zake za kanisani.

"Waya wangu uko wapi?" aliuliza kabla sijamsalimia.

Nikamwonyesha vile vipande. "Bibi, waya umekataa. Kila nikiuzungusha unakatika. Nikiuyeyusha naweza kupata waya mzuri, ila hautakuwa ule."

Alivichukua kiganjani, akavigeuza. Sikuweza kumtazama usoni.

"Shaba utaiongeza?"

"Hapana. Hiihii."

"Basi yeyusha. Mbona unahangaika kama mwenye mimba?"

Niliyeyusha mbele yake. Nikamimina, ikawa fimbo fupi nene, nikaiingiza kwenye mfereji mpana wa rola. Bibi akanisogeza kwa kiwiko. Aliushika mkono wa mashine akazungusha, mgongo wake mwembamba ukijikunja, na fimbo ikatoka upande wa pili imerefuka. Akacheka. Tuliendelea hivyo, mimi nikipasha moto na kubana, yeye akizungusha, kutoka mfereji mpana hadi ule mdogo, mpaka ukawa waya laini usio na ufa. Jasho lilimtiririka, na alikataa kabisa kupumzika.

Niliukunja uwe kikuku kilichoachwa wazi upande mmoja. Alikivaa juu ya kitambaa alichofungia alama ya ule waya, akasimama, akapiga hatua.

"Hiki nakivua mwenyewe?"

"Ukitaka."

Akakaa akakivua. Akakivaa. Akakivua tena, polepole, akiangalia mguu mtupu. Maisha yake yote hakuwahi kuamua jambo hilo. Nilidhani angefurahi.

"Mama alinivalisha nikilia," alisema. "Alinishika kwa nguvu."

Nilimletea maji.

Aliondoka na kikuku ndani ya pindo la kanga. Mama mdogo ananiambia siku nyingine bibi anakivaa, siku nyingine kinakaa dirishani. Wiki iliyopita alipanda basi kwenda Usinge kumwona dada yake, na hatujui atarudi lini.