Siku Niliyoenda Ruiru Kukataa Sindano

Nilitoka Gatuanyaga kwenda Ruiru kukataa sindano. Nina saratani ya damu, ile inayokaa ndani ya mifupa, na nilikuwa nimesikia dawa yake inasimamisha mashine ambayo mwili hutumia kuvunja taka. Mimi nilianza na nyundo na darasa la tatu, leo nina machimbo yangu ya mawe. Mashine haisimamishwi.

Saa kumi na mbili asubuhi, binti yangu Njeri aliwasha pikapu. Vumbi lilikuwa bado limelala. Dawa za maumivu zilinifanya mwepesi. Thika ikapita kama mji ninaoukumbuka, si mji ninaouona.

"Baba, ukikataa leo, mama nitamwambia nini?"

"Mwambie mimi si mtoto."

Saa tatu, hospitalini Ruiru. Daktari Halima, wa umri wa mjukuu wangu, akanichorea. Seli hutengeneza protini mchana na usiku. Ile iliyoharibika, au ambayo kazi yake imeisha, hubandikwa alama ndogo, kisha nyingine juu yake, mpaka ziwe mnyororo. Kuna pipa dogo lenye meno ndani. Likiona mnyororo huo, linabandua alama zikatumike tena, linanyoosha ile protini na kuikatakata. Vipande vinajenga mpya.

Nikacheka. "Hiyo ni krasha yangu! Jiwe likiwa na ufa napaka rangi nyekundu, linasagwa, linakuwa kokoto. Na wewe unataka kuizima?"

"Guka," akaniita, yaani babu, "krasha yako ikikwama, inakuwaje?"

"Mawe mabovu yanajaa mpaka lori haliingii."

"Machimbo gani yanaziba kwanza?"

"Yale yanayotoa mawe mengi."

"Basi. Seli zako za saratani zinatengeneza protini kwa pupa. Taka zikizijaa, zinakufa."

"Na zile nzuri?"

"Zitaumia, lakini nyingi zitavumilia. Vidole vinaweza kufa ganzi. Kupona siwezi kukuahidi."

Nikainua shati mwenyewe. "Dunga hapo tumboni. Usinibembeleze."

Alasiri, tukirudi nyumbani, karibu na Kalimoni, nilifumba macho. Nikaona ndani ya mifupa yangu mabonde meupe, na watu wadogo sana wamekaa juu ya marundo yenye alama, mikono magotini, wakisikiliza ukimya.

Jioni tulifika. Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa naogopa kitu ninachokijua vizuri kuliko anavyokijua yule daktari. Mke wangu alisimama getini. Nikamwonyesha plasta. Akaigusa kwa kidole kimoja.

"Kumbe ukiambiwa unasikia," alisema, akaenda kuweka chai.