Tata alisikia sauti, hakumwona mtoto: kisa cha esaiga ya kaka yangu, Ekerenyo

Wakuu, hamjambo.

Juzi humu mlikuwa mkibishana: kijana akiokotwa usiku akizurura, alaumiwe yeye au mzazi? Niliwasoma kimya kimya, nikakumbuka kisa cha nyumbani kwetu. Nilikuwepo, na chumvi sitatia. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ni miaka ya sabini mwanzoni, upande wa Ekerenyo. Nilikuwa kasichana kenye maswali mengi mpaka mama akawa ananifukuza jikoni.

Kwa wasiotoka Gusii lazima nieleze kitu kimoja, la sivyo mtatuona wajinga. Kwetu mvulana akishatahiriwa halali tena nyumba ya wazazi. Anahamia esaiga, kibanda cha vijana pale pale bomani.

Na baba hakanyagi humo. Ni chinsoni, ile haya na heshima ya mzazi na mtoto.

(Niliwahi kumuuliza mama, je, esaiga ikishika moto? Akaniambia nikachote maji mtoni, na mtungi ulikuwa umejaa.)

Kaka yangu Mogaka alikuwa form two, akilala humo na binamu yetu Onchiri. Kila jioni tata, ndivyo tunavyomwita baba, alisimama nje, akakohoa kwanza, kisha akauliza:

"Mogaka, ndama wamefungwa?"

"Ee, tata."

Basi. Tata anaenda kulala ameridhika.

Mimi nililala kwa magokoro, nyanya yetu mzaa baba. Nyumba yake ilipakana na esaiga, kwa hivyo niliyasikia hayo kila siku.

Wakati huo duka moja sokoni lilikuwa limevunjwa, na chifu akawaka moto barazani. Kijana atakayekutwa nje usiku ataripotiwa shuleni afukuzwe, na baba yake atalala ndani. Tata alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli kweli. Alipiga makofi kuliko wote.

Sasa Sabato moja Mogaka alishinda na mafua makali. Sauti ilikauka kabisa, hata kanisani hakuimba. Jioni tata akakohoa, akauliza habari za ndama.

"Ee, tata!"

Sauti safi, hata kukwaruza hakuna.

Nikaketi kitandani. Nikamuuliza magokoro, "Mogaka amepona haraka hivyo?"

"Lala," akasema. "Masikio yako yatachoka."

Asubuhi askari wa chifu akaja kumwita tata. Magokoro alichukua bakora yake, akanishika mkono, tukafuata nyuma. Hakuna aliyetualika.

Ofisini kwa chifu tulikuta kina baba wengine wamekusanyika. Vijana walikuwa wamekamatwa usiku kwenye hoteli moja ya sokoni iliyokuwa na gramafoni, wakicheza dansi. Chifu akaanza na tata.

"Mwanao alilala wapi jana?"

"Kwake. Niliongea naye mimi mwenyewe."

"Una hakika?"

"Mimi siapi, chifu. Ndiyo yangu ni ndiyo."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, maana tata hakuwa mtu wa uongo. Na hapo hakusema uongo, wakuu. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Chifu akaamuru stoo ya mahindi walimofungiwa vijana ifunguliwe. Akatoka Mogaka, shati limejaa makapi ya mahindi. Akajaribu kusema, "Tata..." na ikatoka mikwaruzo mitupu.

Nilikuwa nikitazama uso wa tata. Nadhani alielewa pale pale, kwa ule mkwaruzo tu, kwamba aliyemjibu jana hakuwa mwanawe. Alikuwa Onchiri. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiaibika mbele za watu, na iliniuma sana.

Hakumgombeza. Alivua kofia.

"Nifungie mimi, chifu. Yeye alitoka, lakini mimi ndiye niliyeridhika na sauti."

Mzee mmoja akaruka: "Kwani mlitaka afanye nini? Aingie esaiga?"

Chifu akawageukia kina baba. "Nani hapa alimwona mwanawe kitandani jana? Ainue mkono."

Hakuna mkono ulioinuka. Tena chifu mwenyewe alikuwa na vijana wake nyumbani, na ni Mgusii kama sisi. Nilimwona akianza kupangapanga kalamu zake mezani.

Ndipo magokoro akasimama.

"Mimi naruhusiwa kuingia. Nyanya na mjukuu wana chinsoni gani? Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Watu wakaangua kicheko, na hasira ya chifu ikapoa. Tata hakufungwa, shule haikuambiwa. Mogaka na Onchiri walichimba mitaro ya barabara mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Tangu siku hiyo tata alikohoa, akauliza ndama, akajibiwa, lakini hakuondoka. Magokoro aliingia, akapapasa miguu gizani, ya Mogaka, kisha ya Onchiri, akatoka akisema, "Wapo." Hapo tata akaenda kulala.

Mogaka ni mzee sasa. Mwaka jana nilimuuliza kama ni magokoro aliyemzuia kutoroka. Akacheka.

"Ningeweza kutoka baada yake. Lakini nililala pale nikimsikia tata amesimama nje kwenye baridi, akingoja aambiwe nipo. Ningeendaje?"

Mimi nilichojifunza ni kwamba mila yetu ilimfungia baba mlango, ikamwachia nyanya mwingine wazi, sisi tukausahau huo wa pili. Kama mzazi haruhusiwi kuingia, kazi yake ni kutafuta anayeruhusiwa. Kuitikiwa hakutoshi.

Likizo hii niko na mjukuu wangu kutoka Nairobi. Anajifungia chumbani na simu yake. Juzi usiku nikagonga, "Upo?"

"Nipo, shosh."

Nikageuka niende kulala. Kisha nikarudi, nikafungua mlango, nikaingia nikashika miguu yake. Alipiga kelele, akacheka, akauliza nimeingiwa na nini.

Nikamwambia mimi naruhusiwa.

Haya, wenye vijana, karibuni mseme. Jana usiku uliona mtoto, au ulisikia sauti?