Bubu Apokea Wakwe

Katika mji huu watu wazima hupungiana mikono kutoka ng'ambo moja ya barabara hadi nyingine, wakaelewana, wakaenda zao. Kisa ni umeme. Mabomba mawili manene hushuka mlimani kutoka bwawani, yakipita katikati ya nyumba za wafanyakazi hadi kwenye jumba la mitambo, na humo ndani hata ukipigiwa kelele sikioni husikii. Mafundi huzungumza kwa mikono, kisha hurudi nayo nyumbani.

Bingwa wao ni mkuu wa zamu, ambaye mji mzima humwita Bubu. Mdomo anao, tena wa utani, ila huona vidole havimchoshi. Mkewe alizijua ishara zote kabla hawajapata mtoto. "Tukigombana majirani hawafaidi," aliniambia.

Jumamosi niliyowatembelea, Bubu alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Mama na mjomba wa kijana anayetaka kumwoa binti yake walikuwa wamepanda kutoka bondeni kuja kuiona familia. Kijana alishasema wazi kwamba neno la mama yake halivuki.

Mambo yalikwenda vizuri hadi wakati wa chai. Mama wa kijana alikuwa akisimulia alivyomlea mwanawe peke yake. Bubu akaona maziwa yanakaribia kufurika jikoni, akamtazama mkewe, akapitisha kidole shingoni. Mitamboni maana yake ni zima. Mkewe akaenda kuzima jiko. Mgeni akaweka kikombe chini na kuvuta mkoba.

"Kaka, inuka twende. Mimi nasimulia, mwenzangu ananichinja."

Binti akajaribu kueleza, mgeni tayari amesimama. Bubu akaikalia mikono yake. Mwishowe akasema, "Mama, njoo kwanza unione kazini. Ukitoka bado una hasira, nitawasindikiza stendi mwenyewe."

Ndani ya jumba, sakafu ilitutetemesha hadi magotini. Bubu akapitisha kidole shingoni. Mwisho wa ukumbi fundi mwenzake akazima pampu. Mama wa kijana akatazama pampu, akatazama kidole. Akamgeukia kaka yake, akamsemesha, midomo tu ikionekana kucheza. Mjomba akatega kiganja sikioni, asiambulie kitu. Bubu akacheka peke yake.

Tulipotoka nje alisema, "Ni kweli, sura yangu ni ya mwizi wa kuku. Ahsante kwa kuona kwamba binti hakunifuata mimi."

Mgeni akasimama. "Ulisikia?"

"Kule hakuna anayesikia. Nilisoma midomo."

"Yote?"

"Mpaka pale uliposema harusi iwe kabla ya mvua. Mimi sina neno, mkwe. Mwenye kauli ni mama yake binti, yuko nyumbani."

Mama wa kijana akaacha kicheko kimtoke. Njia nzima ya kurudi alikuwa na mengi ya kumwambia kaka yake, na kila alipoanza aliziba mdomo kwa mtandio.