Mguu wa Chakazi

Jamani, acheni hii niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Mambrui, maana wao huitia chumvi na hakuna haja, ilikuwa na chumvi ya kutosha tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemuangusha kaka yangu wa tumbo moja mbele ya wakwe zake, siku ya harusi ya binti yake. Sikumsukuma. Nilimtengenezea mguu.

Kaka yangu Shee alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti baada ya kunaswa na mashine kwenye shamba la mkonge la Mzungu mmoja upande wa Kilifi, na tangu hapo akawa ni mtu wa magongo mawili, wala hakulalamika hata siku moja (mimi ningelalamika mpaka majirani wahame). Basi binti yake Mwanasha akaposwa na kijana wa papo hapo Mambrui alikokaa kaka, na yule ami yake bwana harusi, mtu wa kilemba kikubwa na mdomo mkubwa zaidi, akauliza barazani mbele za watu kama wali, yaani baba wa kumuoza bi harusi, ataletwa kwa mkokoteni. Maneno yakamfikia kaka. Alipanda punda akaja Malindi kwenye karakana yangu, akaketi juu ya gogo, akaniambia, "Athumani, mimi nataka siku hiyo niingie kwa miguu yangu, nimshike mkono mkwe wangu, nimuoze mwanangu, nitoke. Basi. Baada ya hapo hata nikitambaa, sijali."

"Kaka, hilo niachie mimi," nikasema, na hiyo ndiyo kasoro yangu, huahidi kwanza halafu ndipo nikafikiri.

Mimi ni seremala, na sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, nilikuwa nikiijua kwa kuipaka milango na vitanda ving'are, lakini kwa kuchezacheza kwangu nilikuwa nimegundua jambo. Sandarusi ikishayeyushwa ikapoa ni ngumu, ila ukiiangusha huvunjika kama kigae. Mwanzi nao ni mwepesi, lakini hupinda ukapasuka. Sasa ukiuchana mwanzi mkavu vipande vyembamba, ukavipanga, ukavizungushia usumba wa makumbi ya nazi uliooshwa kwa maji ya kisima mpaka chumvi ya pwani imetoka yote, kisha ukavinywesha sandarusi ya moto tabaka juu ya tabaka, unapata kitu ambacho hata nyundo inakiheshimu. Nilikuwa nimeshatengeneza mpini wa shoka na kasia moja kwa njia hiyo, na kichwa kikanivimba.

Mwanzi niliuchana, nikaupanga, nikaufunga usumba, mguu ukawa na umbo lake na kikombe chake cha kupokea goti, ikabaki kuunywesha tu. Sandarusi nilikuwa nikiletewa na Kahindi, Mgiriama wa Magarini, na siku ile alikuja na vikapu viwili. Kimoja kilikuwa na sandarusi yenyewe, ile ya kuchimbwa ardhini iliyozeeka huko chini mpaka ngozi yake imekuwa na vipele. Cha pili kilikuwa na chakazi, yaani ile mbichi inayotoka mtini. Nikakivuta cha chakazi. Kahindi akaweka mkono juu yake.

"Fundi, hino bado ni changa," akasema. "Ni ya kupaka ubao tu. Jua likiwaka, yalia, yanata. Kwa mguu wa mtu, chukua ya chini."

Alisema kweli, na nilijua anasema kweli. Lakini ile ya kuchimbwa inataka moto mkali wa siku nzima na jicho lisilopepesa, na harusi ilikuwa kesho kutwa, na chakazi huyeyuka upesi, tena yang'aa kama asali. Na jingine, niliseme tu: nilijiambia moyoni, huyu mtu wa mashambani mwenye kikapu kichwani ndiye wa kunifunza mimi kazi? Nikamjibu, "Wewe chimba, Kahindi, ufundi niachie mimi." Tena nikamwalika harusini, makusudi, aje ajionee.

Asubuhi ya siku yenyewe, kungali na baridi ya umande, kaka aliuvaa mguu uani kwake, nikamkaza mikanda pajani, akapiga hatua moja, ya pili, akafika ukutani akageuka bila gongo. Mkewe akapiga vigelegele. Mwanasha alikuwa amefungiwa ndani kama bi harusi, lakini nilimsikia analia nyuma ya mlango, na kaka alipomsikia akarudia tena safari ile ya ukutani, taratibu, amsikie anavyokanyaga. Nilifurahi mpaka nikawa mjinga.

Tulitoka baada ya sala ya adhuhuri, matari mbele, jua liko utosini na mchanga unachoma. Kaka akakataa punda. Katikati ya njia akaniinamia, "Athumani, huu mguu mbona wanipa joto?"

"Ni upya wake, kaka," nikasema.

Lakini harufu nilikuwa nimeshaisikia. Ilikuwa harufu ile ile ya chungu changu jikoni, na hapo ningeweza kumsimamisha, nikamtafutia kivuli, nikasema ukweli tukacheka wawili. Sikusema, kwa sababu watu walikuwa wananisifu.

Akaingia msikitini kwa miguu yake. Yule ami mwenye kilemba akainuka mwenyewe kumpokea, na nilimwona kaka anavyomtazama, wallahi lau mambo yangeishia pale ningekufa mtu mwenye heri. Wakaketi juu ya mikeka mipya. Sheikh akasoma hotuba, kaka akamshika mkono kijana, akatamka "nimekuoza" na sauti haikutetemeka hata kidogo. Lakini muda wote ule, jamani, chakazi iliyokuwa imelainika juani ilikuwa inapoa kivulini. Inapoa, na inashika, kanzu upande huu, mkeka upande huu.

Alipoinuka kumkumbatia mkwewe, mkeka ukainuka naye, sinia la halua likapinduka, vikombe vya kahawa vikamwagika, kanzu ikachanika kutoka pindo hadi kiunoni, na kaka yangu akaanguka kifudifudi mapajani mwa bwana harusi. Mwanzi haukuvunjika. Hata uzi mmoja wa usumba haukukatika (kazi yangu nzuri, sivyo?).

Yule ami akasema, "Wali amekuja kwa miguu, mbona anaondoka na mkeka wetu?"

Msikiti mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Sijui kilinitoka wapi, pengine hofu, pengine nilitaka nionekane niko upande wa wanaocheka, lakini nilicheka kwa sauti, na kaka akageuza shingo pale chini akaniona.

Mtu akauliza ni kazi ya nani hii, nami nikazidi kujichimbia. "Ni huyu Kahindi! Kaniuzia chakazi akaniambia ni sandarusi!"

Kahindi alikuwa amesimama nje kwenye ngazi, amekuja na kibuyu cha asali, zawadi ya maharusi. Akakiweka chini. "Fundi," akasema, "mimi nilikwambia."

Kaka akaomba kisu. Akakata mikanda yeye mwenyewe, akauacha mguu umegandamana na mkeka, akarukaruka mpaka mlangoni akijishika ukutani. Nilimpa bega akalipita. Aliondoka kwa bega la Kahindi, kanzu imechanika, mchana kweupe, na matari yamenyamaza.

Baadaye nilimtengenezea mguu mwingine, kwa sandarusi ya kuchimbwa. Niliiyeyusha kama ipasavyo, nikauanika mguu juani wiki nzima, haukutoa hata jasho. Nikampelekea. "Shikamoo, kaka." "Marahaba." Akaugonga kwa vidole, akaugeuza huku na huku.

"Mzuri," akasema. Kisha akanirudishia. "Mwanasha ataolewa mara ngapi, Athumani?"

Hakuuvaa kamwe. Mwaka uliofuata homa ilimchukua, akazikwa hajapita tena mbele ya nyumba ya wale wakwe. Mimi nimeapa: mtu akiniletea kazi ya haraka namrudisha nayo, na Kahindi akisema kitu bado ni kichanga, nangoja. Habari ya mguu, kaka alinisamehe, alinitamkia mwenyewe. Habari ya kicheko sikumwomba radhi. Kila nilipokwenda nilijiambia nitamwomba kesho.